Mawaridi ya Makopo

Jumanne, 8 Machi 1977

Mume wangu Mahmoud ametoa mawaridi yangu. Hakuniuliza! Amerudi kutoka dukani, amevua viatu, amekunywa chai isiyo na sukari, ndipo akasema kama mtu anayezungumzia mvua: Meja wa kule juu kilimani anaoa Jumamosi. Bibi harusi alipita na gari, akayaona mawaridi yetu, akayapenda. Anayataka yapangwe kwenye ngazi za nyumba yao. Makopo yote.

"Yetu," anasema. Nani aliyatoboa makopo yale kwa msumari? Nani alibeba mchanga kutoka ziwani Ggaba, watu wakimcheka njia nzima? Yeye hata maji hajawahi kuyapa.

Nimemwambia sitoi. Akasema, Rahima, Meja hakataliwi. Nikamwambia basi ampelekee viatu vyake.

Jumatano, 9 Machi

Bado nina hasira. Posho ya ugali imeungua, nikampakulia hivyo hivyo. Ameila yote. Hilo nalo limeniudhi.

Nimeshinda kibarazani. Kibaraza chenyewe hakitoshi kutandika mkeka, lakini makopo ya Kimbo, madebe ya samli, hata lile karai lililopasuka — vyote vimejaa maua. Mawaridi mafupi, hayanifiki gotini. Ua halizidi kifungo cha koti. Kijiti cha kwanza alikileta marehemu mama kutoka Mombasa, amekizungushia kitambaa chenye maji, amekipakata kwenye treni siku nzima. Hapa mtaani Naguru wote wanajua: ukiona waridi dogo namna ile, ni la Mama Sabah. Sabah mwenyewe keshaolewa huko Mombasa, jina lake limebaki kwangu na kwa maua. Kila mgeni namwambia, hayako kwingine Kampala nzima. Najisifu, ndiyo. Nina kingine gani cha kujisifia siku hizi?

Vidukari vimeingia kopo la mlangoni. Dawa yake maji ya sabuni. Sabuni iko wapi? Sabuni yote iko kwa Meja. Nimeviponda kwa vidole, kimoja kimoja, kila kimoja nikikipa jina la mtu. Majina siyaandiki.

Ijumaa, 11 Machi

Mahmoud alipokwenda msikitini, Santa wa mlango wa pili akaja. Mumewe, Ochan, polisi, walimchukua kazini mwezi uliopita. Kosa lake ni kuwa Mwacholi. Santa amezunguka kila ofisi, kila ofisi inamwambia haimjui mtu huyo. Mtu aliyefanya kazi hapo hapo! Hana maiti, hana kaburi. Ana picha moja, Ochan kavaa yunifomu. Kesho wanawake wa kanisani kwake wanakuja kusali nyumbani.

Akasema, "Mama Sabah, bambi, tafadhali, mimi naomba ua moja tu. Ya kuweka kwa picha."

Moja. Alisimama pale mikono nyuma, kama yeye ndiye mkosaji. Kitu kikanipanda kichwani. Nikaingia ndani nikachukua mkasi wa cherehani. Nikakata la kwanza, la pili, nikakata yote. Maua yalipokwisha sikusimama. Nikaingia kwenye matawi, kopo baada ya kopo, mpaka vikabaki vijiti vya urefu wa kidole.

Mama alikuwa akisema waridi halipogolewi na mwenye hasira, hajui pa kukomea. Mimi nilijua. Juu kidogo ya jicho la chipukizi linalotazama nje, mkato wa mshazari, kama alivyonifundisha. Hasira yangu ina adabu.

Santa aliyabeba kwa beseni huku analia. Mimi sikulia. Meja aje apange vijiti kwenye ngazi zake.

Jumamosi, 12 Machi

Wamekuja na lori. Dereva wa Meja, Mkongomani anaitwa Zéphyrin, na askari mmoja kijana. Mahmoud akatoka mbio kuwapokea, anatabasamu. Ndipo akaviona vijiti. Jana alipita mlango wa nyuma, hakutazama kibarazani. Huwa hatazami.

Zéphyrin akauliza, "Mama, maua iko wapi?"

Nikamwambia mvua zimeanza, ni wakati wa kupogoa. Si uongo mkubwa. Angeweza kuukubali. Lakini mlango wa Santa ulikuwa wazi, wanawake wanaimba, na mezani beseni limejaa mawaridi, picha ya Ochan katikati. Yule askari akalitazama beseni. Akatazama makopo. Hakuhitaji kuambiwa ni maua ya nani. Si nimeyatangaza mwenyewe Naguru nzima, kwa kinywa changu!

Lori limeondoka tupu.

Mahmoud hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alikaa kitandani, akasema hasira zile ningempa yeye. Yeye amezizoea.

Jumatatu, 14 Machi

Wamemchukua Mahmoud.

Dukani, mchana kweupe. Mwenye duka la jirani ndiye amekuja kunieleza. Walimwambia aje kueleza jambo kidogo, atarudi sasa hivi. Ameacha kitambaa kimekatwa nusu, mkasi ungali ndani yake.

Wanaharamu. Wote! Na yeye, kwa nini akaingia garini kwa miguu yake mwenyewe, kama anakwenda harusini? Na mimi. Na mimi.

Alhamisi, 17 Machi

Nimepanda kilimani kwa Meja. Lango halikufunguliwa. Nimekaa nje juani mpaka mlinzi akanionea haya, akaniambia nishuke.

Alasiri akaja Zéphyrin. Hakukaa, hakuvua hata kofia. "Mama, miye natumwa tu. Meja anasema, umesema ni kupogoa. Sawa. Maua ikitoka, mzee naye atatoka. Utaleta makopo yote."

Nikamuuliza Mahmoud yuko wapi. Akasema yeye ni dereva.

Maua yatatoka lini? Waridi lililokatwa hivyo linataka wiki sita, pengine zaidi kwa mvua hizi. Ningekata maua tu nikaacha matawi, yangewahi. Lakini nilishuka mpaka chini. Kila tawi nililolikata ni siku za Mahmoud kule ndani. Hasira hasara, tunawaimbia watoto wadogo. Mimi mtu mzima nimeisahau.

Alhamisi, 31 Machi

Vichipukizi! Vyekundu, vimetoka pale pale machoni.

Santa anakuja kila asubuhi na maganda ya mayai, tunayaponda pamoja na kuyatia kwenye udongo. Mayai anayapata wapi siulizi. Leo amesema ni yeye aliyeleta balaa hii. Nimemkaripia. Nimemwambia aliomba ua moja, mengine yote ni yangu, asinipunguzie.

Juzi nilifanya upumbavu. Nikatia samadi mbichi kopo la mlangoni, nilitaka liwahi. Majani yameungua pembeni. Mimi! Niliyezaliwa katikati ya mawaridi! Waridi halikimbizwi, kila mtu anajua, na bado nilikuwa nimelisimamia nikilitukana.

Jumapili, 10 Aprili

Pasaka kwa kina Santa. Mvua haikatiki. Majani yameanza madoa meusi, nayachuma na kuyachoma.

Amekuja mdogo wake Mahmoud kutoka Kasubi. Amekula, amefuta mdomo, kisha akaanza kuzunguka mbuyu: siku zimekuwa nyingi, watu wanauliza, labda ningeanza kufikiria kukaa eda. Eda! Nikae ndani na nguo nyeupe kwa mtu aliye hai? Na duka la Mahmoud angeshika nani — yeye? Nimemmwagia ndoo ya maji ya maua, akatoka ameloa mpaka kofia. Nimemwambia mume wangu hajafa mpaka nimwone.

Santa alikuwa dirishani kwake, amesikia yote. Nikakumbuka kwamba maneno hayo hayo aliyasema yeye, kuhusu Ochan, mwezi wa pili. Nimeingia ndani nikafunga mlango.

Jumatano, 20 Aprili

Matumba. Karibu kila kopo! Lile karai bovu limeyatangulia mengine, tumba lake limeshapasuka ncha, linaonyesha wekundu.

Nimefua kanzu yake na kuipiga pasi. Nimepata sukari ya magendo, kidogo, nimeificha asije ndugu yake akainusa. Akirudi nitamtilia vijiko vitatu, nitanyamaza, atakunywa. Nitamkasirikia baadaye.

Ijumaa, 22 Aprili

Zéphyrin amekuja. Peke yake, bila lori.

Nilikuwa nimeshayapanga makopo tayari kwa safari. Nikamwonyesha: lile la karai litafunguka kesho, kesho kutwa. Mengine yanafuata. Amwambie Meja nimetimiza. Nikamuuliza Mahmoud anakula? Kifua chake kinavumilia baridi hii? Kanzu nimempigia pasi, je, naweza kumpa ampelekee?

Kanzu hakuipokea. Alilitazama lile tumba, akaligusa kwa kidole. Akavua kofia.

"Mama," akasema, polepole. "Usiharakishe maua."

Akaenda zake, kofia mkononi.

Nilitaka kumtupia kopo la kichwa. Dereva anajua nini juu ya maua? Nani amemwomba ushauri? Si wao wenyewe waliosema yakitoka atatoka! Nilinyanyuka nimwite arudi anieleze vizuri, nikaikumbuka ile kofia aliyoivua, nikakaa tena. Santa alikuwa mlangoni kwake. Ameleta kiti chake, amekiweka karibu na changu, amekaa kama mtu aliyekuja matangani.

Mvua imekatika leo, jua limeingia kibarazani mpaka ukutani. Karai liko mapajani mwangu tangu alipoondoka, naandikia pembeni yake. Tumba limefunguka kidogo tena, naliona. Sijui niliweke juani au nilirudishe kivulini.