Marahaba ya Mhunzi wa Kidete

Baba, shikamoo.

Nipo Kidete, huku Kilosa, kwa Mzee Sadiki, mhunzi aliyebuni gurudumu la mapipa linalozungushwa na maji ya mto Mkondoa ili lipulize moto wake. Alianza peke yake na mivukuto ya ngozi. Leo ana karakana, springi chakavu za mabehewa zinageuka mapanga, na ingawa soko huria limejaza maduka mapanga ya nje, wakata miwa wa Ruhembe wanayafuata ya kwake.

Nilimwamkia, akanyamaza. Nikarudia. Mkewe akanishika mkono: "Subiri, mwanangu. Chuma kikiwa motoni haitikii mtu. Akipepesa macho tu, rangi ya chuma kuiva imempita."

Chuma kikaiva kama papai, akakichovya majini, kikalia hadi nikasahau kuna mto. Ndipo akageuka. "Marahaba, binti yangu. Karibu."

Baba, tangu kiwanda chenu cha majembe kifungwe huitikii salamu zangu, nami nilidhani umenikasirikia; kumbe nawe una chuma chako motoni. Nakuletea panga lake, ulipime makali kwa kidole kama zamani.

Shikamoo tena. Marahaba yako naisubiri, wala sina haraka.

Mwanao, Rehema