Kucha ya Jenerali

Usijifanye hujaona ujumbe wangu! Mbwa wako Jenerali anachechemea wiki ya tatu sasa, na kila nikikuambia unabadilisha mada.

Leo nimempeleka mwenyewe kwa daktari wa mifugo. Nikamkokota pia yule jirani yako fundi cherehani, maana mwaka juzi alimfukuza Jenerali kwa ufagio, na mimi sisahau. Nikawahutubia watu wote kwenye foleni: "Huyu hapa ndiye mvunja miguu!"

Daktari akainua mguu, akapekua yale manyoya yaliyosokotana kama kamba kuukuu. "Dada, hakuna aliyempiga. Kucha haijakatwa, imejikunja ikaingia nyamani."

Kucha! KUCHA, mwenzangu!

Fundi akanigeukia: "Haya mheshimiwa, endelea na hotuba." Watu hoi kwa kicheko. Nimemwomba radhi mbele ya wote, uso nimeuweka mfukoni.

Jenerali amekatwa kucha na kunyolewa. Daktari anasema tungechelewa wiki moja, kidole kizima kingekatwa. Kidole!

Kuanzia leo anachanwa kila siku, kucha zinakaguliwa kila wiki. Na wewe ndiye mwenye mbwa.

Tuko nje ya mlango wako. Fungua sasa hivi, na uje na chanuo mkononi!