Lehemu Niliyoidhania

Chumba cha Redio,
Nyuma ya Duka la Vitambaa.
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwa moyo mkunjufu, nikitumaini kwamba wewe na shemeji hamjambo. Mimi nipo, ingawa nimechoka. Tangu mama watoto atutoke, hata kuchemsha chai naona kazi. Niwie radhi kwa kukawia kukuandikia.

Mwezi uliopita nilitolewa damu, nikiwa sijatia kitu kinywani. Daktari, kijana mwenye adabu, alisoma majibu akaniambia, "Mzee, lehemu imezidi katika damu yako." Nikamshukuru, nikainuka kabla hajamaliza. Wewe wajua nimeishi na lehemu maisha yangu yote. Nikaamini moshi wa ile lehemu ninayoyeyusha kuunganishia nyaya za redio umenipenya mishipani.

Basi nikafungia vifaa vyangu kabatini, nikakaa bure kama kiti cha wageni, huku nikiendelea na mayai yangu ya kukaanga kila asubuhi.

Mkaza mwanangu alipokuja kunitazama, aliuliza kulikoni redio zimenyamaza. Nilipomweleza, alishika mbavu. "Baba jamani! Hiyo si lehemu ya bati, ni mafuta! Umeziadhibu redio, mayai ukayasamehe?"

Akanirudisha kwa daktari. Sasa nimeelewa kwamba yako mafuta mabaya yanayoganda kwenye kuta za mishipa hadi moyo ukakosa damu, na yako mazuri yanayoyazoa. Yangu mabaya yamepanda, mazuri yameshuka. Nimepewa vidonge na kuagizwa kutembea kila jioni. Natembea, japo shingo upande.

Unisamehe kwa hili linalofuata. Daktari aliuliza baba yetu alifarikije. Nikamwambia aliondoka ghafla, kikombe mkononi, akiwa hajafikia umri ulio nao wewe. Akaweka kalamu chini, akauliza kama nina ndugu. Maana jambo hili hutembea katika ukoo, wala haliumi.

Najua utasema huumwi popote. Nami sikuumwa. Tafadhali, nakuomba ukapimwe.

Kabati nimelifungua tena. Redio ya marehemu baba, ninayoitengeneza, imebakiza kuungwa waya mmoja tu. Nitauunga siku nitakapopata majibu yako. Sina nguvu ya kuisikiliza peke yangu.

Mfikishie shemeji salamu zangu, na dada mkubwa, na yule mjukuu wetu Kibogoyo. Mwenyezi Mungu akufunike kwa mkono wake.

Wako akupendaye, tena akungojaye,
Kaka yako