Karatasi Yenye Kumuua Baba

Jumamosi, tarehe 8 Februari 2025

Mafunzo ya uongozi hapa Kindu, saa mbili mpaka saa saba. Somo la leo: kiongozi ni muntu wa ukweli. Bwana Gédéon, mukubwa wa programu, aliandika maneno yale ku ubao na herufi kubwa, akapiga mustari chini mara mbili. Sisi wote kumi na wawili, wenye kusomeshwa na bourse yake, ile pesa ya masomo, tukanakili.

Kisha akatugawia bahasha. Kila muntu na yake. Akasema: hii njo ushuhuda wenu, mutaisoma mbele ya wageni wenye kutoa pesa mwisho wa mwezi, muishike kwa kichwa.

Yangu iko kwa Kifaransa. Inasema: naitwa Adèle, natoka Pangi, watu wa silaha walimuua baba yangu mbele ya macho yangu nikiwa na miaka tisa.

Nilisoma mara tatu.

Baba yangu! Sumaili wa Pangi, mwenye kuchimba mawe ya kasiterite, mwenye kucheka mbele ya kumaliza hadithi yake mwenyewe! Mwezi wa kumi na mbili alinitumia kuku na muntu wa pikipiki. Maiti gani inatuma kuku?

Nikamuangalia Ayoubu, tunasoma naye kilimo. Yake inasema alibeba bunduki akiwa mutoto. Ayoubu! Mama yake ni fundi wa kushona ku Mikelenge, na yeye akiona damu ya samaki anageuza uso. Alikunja karatasi, akaitia mufukoni.

Miye nitasema.

Jumapili, tarehe 9 Februari

Nimemusomea shangazi Mamy ile karatasi, hapa nyumbani Alunguli, ngambo ya muto. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuacha kutwanga.

Akaniuliza: wanakulipia masomo, ao hawalipi? Nikajibu: wanalipa. Akasema: basi soma karatasi yao. Ndugu yangu hatakufa juu ya Kifaransa.

Nilimwambia siyo hivyo. Alisema njo hivyo.

Nimekasirika mpaka sasa. Miye ni maskini, sikatai. Viatu vyangu vinajua, mutumbwi wa kila asubuhi unajua. Lakini umaskini wangu unatosha kama ulivyo. Hauhitaji kutiwa damu juu!

Jumatano, tarehe 12 Februari

Nimekwenda ku biro ya Bwana Gédéon. Nilisimama, sikukaa.

Nilisema: Bwana Gédéon, baba yangu ni muzima.

Alisema: namushukuru Mungu. Na nani atakwenda Pangi kumutafuta?

Hakuwa na ubaya mu sauti, hiyo njo iliniuma zaidi. Aliniambia na yeye alisoma kwa shida, na mitumba, na njaa. Akasema wageni wamesikia umaskini wa dunia nzima, masikio yao yamechoka. Inchi iko mu vita, wanataka kusikia vita. Mwaka jana walipeleka bourse zingine ku mji mwingine. Munasoma kumi na wawili juu miye najua kuandika, Adèle.

Na kweli tunasoma.

Kisha akaniuliza: mama yako je? Hakuona kitu mu vita?

Mama yangu aliona. Alikuwa hapa hapa Kindu mwaka wa 2002, mji ulipofungwa pande zote, chumvi ikakosa, mashamba hayafikiki. Alikuwa na mutoto mugongoni. Alipotoka hapa hakuwa na mutoto mugongoni. Aliniambia mara moja tu, tukipalilia muhogo, na hakuinua kichwa.

Nilimujibu: hiyo ni ya mama. Siyo yangu, na siyo yako.

Nikatoka. Mulango niliufunga polepole.

Jumapili, tarehe 16 Februari

Bukavu imeanguka mu mikono ya waasi. Ku kanisa watu walikuwa na simu mukononi hata wakati wa kuomba. Kila muntu na neno lake: watakuja huku, hawatakuja huku. Shangazi ameweka nguo mu kifurushi kimoja karibu na mulango. Sikumuuliza.

Nasoma somo la udongo. Wakija wakute nimejibu maswali yote.

Jumanne, tarehe 18 Februari

Mama amepiga simu. Nilikuwa mu kalasi, nikatoka mbio.

Sauti yake haikuwa sauti. Aliniuliza: Adèle, walikuambia lini?

Nini, mama?

Baba yako. Walikuambia lini, na weye ukaficha miye?

Ile karatasi! Programu imeitia ku Facebook, na picha yangu juu, na jina langu lote. Muntu akaipeleka ku WhatsApp ya watu wa Pangi. Neno la miaka tisa hakuna aliyeliona, waliona tu: walimuua baba, Adèle Sumaili. Mutoto wa baba mukubwa alimusomea mama ku simu yake. Sasa mu kiwanja chetu kuko mikeka, watu wamekaa matanga. Baba ni Muislamu, siye wa kanisa kama miye na mama: wamemusomea hitima.

Nilipiga kelele: ni uongo, mama! Ni watu wa programu walitunga!

Akaniuliza: kama ni uongo, yeye iko wapi?

Baba aliondoka juma tatu sasa, ku machimbo ya porini, siku mbili kwa miguu, simu haishiki. Na mu pori hivi sasa nani anajua nani anapita?

Mama alisema: basi usiseme ni uongo mbele ya kujua.

Akakata.

Jumatano, tarehe 19 Februari

Hakuna habari. Naogopa karatasi yao isije ikawa kweli. Naogopa, na nimekasirika kwamba wamenitia woga huu.

Sili. Shangazi pia hali. Anatembea ndani ya nyumba, anasema peke yake: ndugu yangu hatakufa juu ya Kifaransa. Ndugu yangu hatakufa.

Jumamosi, tarehe 22 Februari

MUZIMA!

Ni baba mwenyewe ku simu. Alisema: mama (ananiita vile tangu zamani), nimesikia nilikufa. Na akaanza kucheka mbele ya kumaliza.

Alifika jana jioni na mufuko wake wa mawe. Akakuta watu ku mikeka. Akafikiri ni mama amekufa. Wao wakamuona, nusu wakakimbia. Kaka yake alikuwa tayari amevaa koti la baba! Mama hakukimbia. Alisimama, akamupiga kofi, kisha akamushika shingo, hakumuachilia mpaka giza. Halafu, chakula kilikuwa kimekwisha kupikwa, wangefanya nini? Baba alikula chakula cha matanga yake mwenyewe.

Shangazi Mamy alininyang'anya simu. Alimutukana ndugu yake vizuri sana. Kisha akakaa chini, akalia.

Miye silii. Miye naandika.

Jumatatu, tarehe 24 Februari

Bwana Gédéon ameondoa ile kitu ku Facebook. Alisema: pole, sikujua itafika Pangi.

Nikamuuliza: karatasi yenyewe je?

Akajibu: karatasi wageni wanayo tayari. Ijumaa utaisoma kama ilivyo. Ukibadilisha neno moja wataona wengine wote ni waongo, na kumi na wawili watarudi nyumbani juu yako. Fikiri kama kiongozi.

Nimefikiri.

Ijumaa, tarehe 28 Februari

Naandika yote, nisisahau kitu.

Salle ya sherehe ilijaa. Wageni watatu: wazungu wawili, na mama moja wa Kinshasa mwenye miwani na daftari. Waliniita wa tatu. Karatasi niliiacha ku kiti.

Nilisema kwa Kiswahili: naitwa Adèle Sumaili. Baba yangu ni Sumaili wa Pangi, ni muzima. Juma iliyopita mama yangu alikaa matanga siku nne juu ya karatasi yenye muliandikiwa hapa. Hakuna muntu aliyemuua baba. Anachimba, na faida inakwenda kwa wengine, barabara ni mbaya, muhogo wa mama unaoza mbele ya kufika soko. Njo umaskini wangu. Nasoma udongo. Mwaka jana nilikuwa wa pili ku kalasi. Kama hiyo haitoshi kwa kunisomesha, museme.

Mutafsiri alisema maneno mawili tu kwa Kiingereza. Wazungu wakatabasamu, wakapiga makofi! Ayoubu, anajua Kiingereza kidogo, akainuka ku kiti chake, akapaza sauti: Adèle, mutafsiri alisema eti unashukuru!

Basi nikarudilia yote kwa Kifaransa. Polepole, kama mwalimu anasomea watoto dictée. Mama wa Kinshasa aliacha kuandika, kisha akaandika haraka. Wazungu wakamuinamia, wakamuuliza. Watu wa nyuma wakaanza kuzomea — sijui walimuzomea nani. Bwana Gédéon akashika micro, kipaza sauti: mutoto amechoka, mumusamehe, vita imetuchosha wote.

Sijachoka!

Lakini nilipovuka muto mu mutumbwi nilitazama maji, nikafikiri wale kumi na moja. Wenye kubaki nyuma yangu hawakusoma, sherehe ilifungwa. Ange, mumoja wao, hakuniangalia. Labda nimewaharibia. Hiyo siwezi kuifuta, naiandika hapa.

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Barua. Mama Bernadette, katibu wa programu, alinipa mukononi bila kuniangalia. Utovu wa nidhamu. Bourse imesimamishwa. Ijumaa saa tatu nije mbele ya komite, nisaini barua ya kuomba musamaha. Wameshaiandika, iko ndani: eti nilisema vile sababu ya huzuni nyingi, kichwa changu hakikuwa sawa, na ushuhuda ni wa kweli.

Nisiposaini, imekwisha. Na mitihani inaanza juma ijayo.

Wanaandika vizuri watu hawa. Walimuua baba, sasa wamenitia wazimu. Sisaini!

Jumatano, tarehe 5 Machi

Baba amefika! Na pikipiki, kutoka Pangi, vumbi mpaka ku nyusi. Tuko mu Ramadhani, hakunywa hata maji mpaka jua lilipoingia. Shangazi alimupa uji. Alikunywa, akaniomba barua. Hajui Kifaransa, nikamusomea na kugeuza kwa Kiswahili.

Alisema: saini, mama.

Nilifikiri sikusikia.

Saini, alisema. Miye nilishakufa ku ile karatasi, na tazama, njaa inanishika sawa na zamani. Haikunitoboa. Waache waniue mara kumi. Weye umalize masomo.

Baba, walikusomea hitima!

Walisoma vizuri. Miye mwenyewe nilipofika nikaitika amina.

Nikacheka, na machozi yakatoka pamoja. Niliona mikono yake, kucha zimekuwa nyeusi na mawe. Kama kuna muntu anaweza kuniomba kusaini, ni ile mikono. Karibu nichukue kalamu.

Kisha nikasema: na mama? Alikaa chini siku nne. Alinywa maji ya machozi yake siku nne. Hiyo nikisaini inakuwa nini? Huzuni ya kichwa changu?

Shangazi alitoka nje na sufuria, na haikuwa na haja ya kuoshwa.

Halafu baba akasema: mama yako mpaka leo usiku ananigusa uso kuona kama ninapumua.

Akasema tena: Ijumaa nitakwenda na weye. Siendi kusema kitu. Nitakaa tu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Saa tatu kasoro. Naandika ku benchi, inje ya biro ya programu. Mulango umefungwa, komite iko ndani. Baba iko kando yangu. Amevaa koti lake, lile kaka yake alirudisha. Linamukaza mabega.

Barua iko mu kitabu changu, haina saini.

Ayoubu amefika. Sikumuita. Anafunga kama baba, midomo imekauka. Ametoa karatasi yake mufukoni, imekunjwa mpaka inataka kupasuka. Alisema jana amemusomea mama yake, kwa mara ya kwanza. Mama yake aliacha mashine, akamuuliza: sasa siku ile ulikuwa unabeba bunduki, miye nilikuwa wapi?

Akakaa. Benchi ni fupi.

Ange naye. Hajanisalimia, anatazama chini. Lakini bahasha iko mukononi. Nyuma yake wawili wengine wanapanda ngazi. Tumekuwa watano. Hao wengine sijui, labda hawatakuja, na siwezi kuwalaumu.

Mama Bernadette amefungua. Ametuhesabu na macho. Amesema barua iliita muntu moja. Hakuna aliyetoka. Amemugeukia baba:

— Na weye, mzee, ni nani?

Baba ameinuka, amefunga kifungo cha koti.

— Miye njo ule marehemu.

Mama Bernadette ametia mukono ku kinywa. Amerudi ndani, amesahau kufunga mulango. Tunasikia Bwana Gédéon anauliza: wako wangapi? Anauliza tena, sauti imekuwa ndogo: Bernadette, wako wangapi?

Ayoubu amesimama. Ange ananipa mukono ili niinuke, bado hanitazami, na naweka kalamu: tunaingia wote, barua haina saini.