Jamvi la Bi Mize

Chake Chake. Jumapili, baada ya Alasiri.

Leo tangu asubuhi mbingu zina mawingu mepesi, yale ya vuli yasiyojua kama yanyeshe au yapite. Jua linatoka, linajificha. Mimi nazipenda siku kama hizi. Watu wote wanaona kama ninavyoona mimi, ukungu ukungu, na sijihisi mpweke.

Nimeshinda.

Naliandika mwanzo kwa sababu ndilo neno linalosemwa mji mzima. Makame, dereva wa Bwana Nassor, kashinda! Hata muuza kahawa wa pale sokoni kanipa kikombe bure, na mzee yule, Mungu anisamehe, hata salamu huitoa kwa kipimo.

Motokaa za kisiwa hiki ukizihesabu hazifiki ishirini, lakini wenyewe wana klabu yao. Wamo mabwana wa mashamba kama Bwana wangu, wamo Wahindi wenye maduka, yumo daktari, na yumo Mzungu mmoja wa serikali mwenye saa ya kubonyeza. Leo walifanya mbio katika njia ya Wete, pale inaponyooka baada ya daraja kisha ikapinda kidogo kabla ya msikiti. Ni gari moja moja. Bunduki ikilia unakwenda peke yako, ukivuka mstari wa chokaa Mzungu anabonyeza saa. Wengi waliendesha wenyewe. Bwana wangu alisema gari lake linamjua Makame kuliko linavyomjua yeye, akanikabidhi usukani mbele ya watu.

Sasa, wewe daftari, nikwambie neno ambalo mji haulijui.

Jicho langu la kushoto halioni. Lilianza kabla ya Ramadhani, kama mvuke wa chai kwenye kioo. Nikadhani ni vumbi la barabara. Nikapaka wanja, nikaosha kwa maji ya Zamzam aliyoniletea mjomba alipotoka Hija, wapi! Ni mtoto wa jicho. Na mtoto wangu huyu keshakuwa mkubwa, karibu atatafuta mke, na la kulia nalo nahisi lina mimba.

Sikumwambia mtu. Dereva asiyeona ni nini? Ni mtu aliyevaa kofia ya dereva tu. Miaka tisa naitwa Makame Motokaa, watoto wananikimbilia njiani, wazee wananipisha barazani. Nikiutoa mkono kwenye usukani nitarudi kuwa Makame mwana wa Kombo mpanda minazi, na minazi yenyewe siiwezi.

Basi nimekuwa nikiendesha kwa masikio. Usicheke. Daraja linagonga mara tatu chini ya magurudumu, hapo najua nimefika bondeni. Upepo ukinipiga baridi upande mmoja, nipo penye mashamba ya mpunga. Nikisikia sauti ya injini inanirudia, kuna ukuta. Njia ya Mkoani naijua kwa kuihesabu, kilima kwa kilima, kama tasbihi. Mara nyingine, Mungu anajua, naona raha. Dunia imekuwa laini, haina kingo, miti inakuja na kuondoka taratibu, na mimi naelea katikati yake na mngurumo wa gari tumboni. Nikiwa hivyo sikumbuki kuogopa.

Jana jioni niliiendea njia ya mbio kwa miguu. Nilivua makubadhi nikatembea peku kutoka daraja mpaka mstari wa chokaa, nikihesabu hatua, nikalisikiliza kila shimo kwa nyayo. Nilirudia mara mbili. Nikarudi nyumbani nimeibeba njia nzima kichwani, kila shimo mahali pake.

Lakini jana si leo.

Msimu wa karafuu, barabara huku ni ya karafuu. Gari ndilo mgeni. Kila nyumba inatandika majamvi yake ukingoni na kuanika, na jamvi likizidi kidogo likaingia njiani hakuna anayegombana. Ukiliona unapunguza mwendo, unakwenda pembeni, unamtolea salamu mwenyewe, unapita. Hata Mzungu kajifunza. Kuzikanyaga karafuu za mtu ni kumtia mchanga katika kitumbua chake.

Ijumaa mpiga mbiu alipita kuwaambia watu wa pale waanue kwa ajili ya mbio, na wote walianua. Ila leo asubuhi Bi Mize, mjane wa pale penye kona, alizitazama karafuu zake zilizobakisha jua la nusu siku tu, akayatazama mawingu, akalitandika jamvi lake tena. Nusu ukingoni, nusu njiani, mkono wa kushoto. Watu wa klabu walimwona. Nani atamwambia mjane aanue karafuu zilizokaribia kukauka? Wakasema mwacheni, kila dereva wa Pemba atapunguza mwendo.

Na kila dereva alipunguza. Mhindi alipunguza, daktari alipunguza, Mzungu alipunguza na akavua kofia. Mimi nilikuwa nimesimama kule darajani nikingoja zamu yangu, na hakuna aliyefikiri kuniambia. Kwani nina macho, au sina?

Bunduki ikalia. Nilikwenda! Wallahi sijawahi kwenda vile. Gari lilikuwa linaimba. Mwanga wote ulikuwa wa maziwa, watu wa pembeni ni rangi tu, nyeupe za kanzu, nyekundu na nyeusi za kanga, zinapita zinayeyuka. Nilihesabu. Shimo la kwanza, la pili, mtelemko mdogo, sasa kona, shika kushoto. Barabara nyekundu ya udongo, na mbele yake wekundu ule ule umekoza kidogo. Nikadhani ni kivuli cha wingu.

Kisha nikasikia chini ya magurudumu mlio kama wa mtu anayetafuna bisi.

Na harufu. Harufu ya karafuu ilipanda ikajaa garini mpaka machozi yakanitoka.

Hapa ndipo ninapotaka kusema kweli, na mkono unakuwa mzito. Nilijua. Pale pale nilijua nimepita juu ya karafuu za mtu. Mguu ulikwenda kwenye breki wenyewe, kwani mguu wa Mpemba hauhitaji kufundishwa. Nikawaza, nikisimama wataniuliza, Makame, hukuona?

Nikaurudisha mguu.

Nilivuka chokaa, saa ikabonyezwa, nikawa nimewatangulia wote. Walinibeba! Ati moyo wa simba, ati Makame hajali. Wazee wawili watatu waligeuza nyuso, niliwasikia wakisema yule kazi imempa kiburi, lakini sauti zao zilizama katika vigelegele. Bwana Nassor alicheka, akasema atampelekea mama wa watu pishi za karafuu kutoka shambani kwake, yaishe. Kisha akanishika bega mbele ya klabu nzima. Akasema kesho bintiye Zuwena na wajukuu wake wawili wanakwenda Mkoani kupanda meli, na sasa hana wasiwasi, dereva wao ni bingwa wa Pemba.

Watoto wawili. Mdogo, Salma, hupenda kukaa mbele, kushoto kwangu. Tangu Ramadhani simwoni akikaa hapo, nasikia kicheko chake tu.

Baada ya Adhuhuri nilikwenda kwa Bi Mize, peke yangu, kwa miguu. Sijui nilikwenda kutafuta nini. Radhi, labda. Nilimkuta kakaa juu ya kibao anachambua, nzima huku, zilizopondeka kule, na vumbi la njia likipepetwa kwenye ungo. Nikapiga hodi, nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu asiyetaka ugomvi kwa kuwa ana kazi. Nikakaa chini nikaanza kuchambua naye.

Tulikwenda hivyo kitambo. Vidole vyangu vilifanya kazi nzuri, karafuu nzima ina kichwa chake cha mviringo, iliyopondeka haina. Nilikuwa nimeanza hata kutulia. Mara nikageuka, mkono ukapiga kitu, maji yakamwagika yakanilowesha kanzu. Ilikuwa kata ya maji. Kumbe aliniwekea zamani, kushoto kwangu, karibu na goti.

Bi Mize aliacha kuchambua.

"Toka lini, mwanangu?"

Nikasema, "Lini nini, Bi Mize?"

"Makame, usinifanye mtoto. Wengine wote leo walinipungia mkono. Wewe ulipita uso umeuinua kama mtu anayesikiliza adhana ya mbali. Nikasema moyoni, huyu si jeuri, huyu hakuliona jamvi."

Nilikuwa na karafuu moja mkononi, nikaendelea kuigeuza geuza.

Akanihadithia habari za marehemu mumewe, mchumaji hodari wa zama zake. Macho yalimpata hivi hivi, naye akaficha hivi hivi. Alikuwa akipanda mkarafuu kwa kupapasa, tawi hili, tawi lile, na kila akishuka salama akijiona mshindi. "Mpaka siku alipotia mguu kwenye tawi lililokatwa jana yake," alisema. Hakulia. Alikuwa anapepeta. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini yule alikuwa mtini peke yake. Wewe unapakia watu."

Nikamwomba radhi ya karafuu. Akasema karafuu keshanisamehe, karafuu huota tena. Akasema yeye hatomwambia mtu, atasema mwenyewe Makame.

Nimerudi nyumbani nikakaa na wewe. Hendeli ya kuwashia gari iko hapa mezani, huja nayo kila siku baada ya kazi ili mtu asije akaliwasha gari. Nimeishika mpaka imepata joto. Ningeweza kunyamaza. Njia ya Mkoani naijua, nimeihesabu mara mia. Hata ya leo nilikuwa nimeihesabu.

Jua likitoka kidogo, watu wa Mkoani hawatandiki majamvi? Mtoto hakimbilii mpira? Jana na leo si kitu kimoja, nami kichwani nina jana tu.

Nakwenda. Nikingoja Magharibi nitajipa udhuru wa giza.

*

Nimerudi. Wameadhini Magharibi nikiwa njiani, nikasali kwenye msikiti ulio karibu na nyumba ya Bwana Nassor.

Nilimkuta Bwana barazani na wajukuu. Nilimwekea hendeli miguuni pake nikasema yote, hata mguu na breki. Hakunikatiza. Aliwaambia watoto waingie ndani. Kisha akauliza, "Umewapakia wanangu tangu lini ukiwa hivi?" Nikasema, "Tangu kabla ya Ramadhani, Bwana." Akaanza kuihesabu miezi kwa sauti ya chini, mmoja mmoja. Lau angenitukana ningepumua.

Mwisho aliinama mwenyewe, mtu mzima yule, akaiokota hendeli. Akasema ushindi ataurudisha klabu kesho hiyo hiyo, na sababu ataisema, hataki watu wadhani ni ujeuri uliomfanya dereva wake asikanyage breki. Akasema daktari ni mwanachama mwenzake, atanitazama macho. Kunisamehe hakusema. Nami sikuuliza.

Nilikuwa nimekwisha shuka ngazi aliponiita.

"Kesho nitaendesha mwenyewe. Uje baada ya Alfajiri. Vile vilima sivijui kama wewe, utanisikilizia injini. Utakaa nyuma na watoto."

Salma alikuwa amejificha mlangoni, kumbe hakuingia ndani. Akapiga kelele kwamba yeye atakaa kulia kwangu, ili nimwone.

Sasa nakuandikia kwa herufi kubwa kubwa maana mistari yako inapandana. Kanzu bado inanuka karafuu. Nimejaribu kuwa na huzuni na huzuni ipo, imekaa hapa kifuani, miaka tisa si mchezo. Lakini mabega yangu yameshuka, na sikujua kama yalikuwa juu. Kesho, kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani, nitaipita njia ya Mkoani bila kuihesabu.