Profesa, Karibu Ukae

Mama, mwaka umetimia tangu ulipotutoka, na hakuna aliyethubutu kuhamisha vile vyungu vya maua dirishani. Baba anavimwagilia kupita kiasi. Tunajua ungemwambia nini.

Wasiokufahamu wajue kwamba ulikuwa mwalimu wa elimu ya udongo. Kule tulikotoka uliongoza idara nzima, na ulipoingia darasani wanafunzi walisimama. Tulipohamia huku, vyeti vyako vilisomwa chuo kikuu vikarudishwa. Uzoefu wako, walisema, si wa hapa. Ulirudi nyumbani, ukavua koti, ukauliza, "Kwani udongo nao una pasipoti?" Sisi tulicheka. Wewe hukucheka.

Ukaajiriwa maktabani, katika chuo kile kile kilichokukatalia, ukirudisha vitabu kwenye rafu. Siku moja ulikuta kitabu chenye sura uliyoiandika mwenyewe. Ukakiweka mahali pake, ukaendelea. Kazi ile hukuidharau hata kidogo. Kilichokukera ni kwamba hakuna aliyekuita mwalimu, na uliogopa kwamba mwishowe hata wewe ungesahau kuwa ndivyo ulivyo.

Ndipo ikazaliwa Kamati ya Jikoni: wewe na rafiki zako wawili, wahamiaji na wahadhiri kama wewe, mliopeana majina ya masomo yenu. Kemia alikuwa akihudumia wazee, Sheria akipokea simu ofisini kwa watu. Kila Jumamosi mlijaa jikoni kwetu, mkasomeana makala, mkahojiana kana kwamba mnaomba kazi. Kanuni ilikuwa moja tu, hakuna kuitana bila cheo.

"Profesa, nipitishie chumvi."

"Daktari, sufuria inaungua!"

"Iache iungue, bado najibu swali."

Mdogo wako alipokuja kututembelea alimvuta Baba pembeni na kumuuliza kama mko salama kichwani.

Miaka ikaenda. Ukasoma upya, ukiwa na mvi, hadi chuo kikakupa darasa moja. Siku ya kwanza ulisimama mlangoni ukingoja wanafunzi wainuke, kama ulivyozoea. Wakakutazama tu. Binti mmoja akakuvutia kiti. "Kaa tu, mama, mwalimu hajafika."

Na wewe ukakaa! Ukafundisha papo hapo kitini, na tangu siku hiyo kila somo ulilianza ukiwa umeketi kati yao. Ulitusimulia ukicheka hadi miwani ikakudondoka, lakini sisi tunaokujua tuliona jinsi ilivyokuchoma.

Muhula wako wa mwisho, ugonjwa ukiwa umeshakubana, uliwasimulia wanafunzi kisa hicho kwa utani. Wiki iliyofuata ulirudi nyumbani ukasimama jikoni, koti bado mwilini.

"Leo wamesimama," ukasema.

"Akina nani?" Baba akauliza.

"Wote. Hata yule msinziaji wa nyuma."

Halafu ukalia, Mama. Ukalia kwelikweli, na Baba akakushikia mkoba.

Kemia sasa anafundisha. Sheria bado anatafuta, na tumemkataza kukata tamaa. Jumamosi wanakuja kama zamani, wanabishana kama zamani, na sufuria bado zinaungua. Ila siku hizi, kabla ya yeyote kugusa chai, tunasimama sote, mjukuu wako akiwa juu ya kiti ili naye aonekane. Kemia anageukia nafasi yako pale mezani na kusema, "Profesa, karibu ukae." Ndipo nasi tunakaa.

Unakumbukwa na mumeo, ambaye ameahidi kupunguza maji, wanao na wakwe zako, mjukuu wako, mdogo wako, aliyekwisha kuielewa Kamati, pamoja na Kemia na Sheria.

Sisi wanao tulizoea kukuita Mama tu. Leo tunafuata kanuni ya jikoni: hutatutoka moyoni kamwe, Profesa.