Jani la Sale Lililoletwa na Dereva

"Suala hilo limekwisha kwa mila na desturi. Tulipeleka sale, na familia ililipokea."

Mama, hayo ni maneno ya mkurugenzi wa kampuni anayofanyia kazi mdogo wangu Aloyce, ile inayopandisha wageni mlimani. Ameyasema leo kwenye mkutano wa wafanyabiashara wa utalii hapa mjini, na mimi nilikuwa nimekaa safu ya nyuma. Walimpigia makofi. Sikusimama kumjibu. Najua hilo litakushangaza, wewe uliyezoea kunivuta kanga nikae chini. Nimechoka, Mama. Nimerudi nyumbani kwangu Njoro, nimevua viatu, nikaona afadhali nikuandikie wewe. Gazeti litaichapa barua hii kama ilivyo, na wao wataisoma.

Suala halijaisha. Umelala kaburini kwenye kihamba chako, shamba letu la ukoo kule Kilema, kati ya migomba na kahawa, na juu yako mringaringa alioupanda Baba bado una kibao cha bluu kilichopigiliwa misumari. Kibao kinasema mti huo ulipandwa na mgeni fulani ili kufuta moshi wa safari yake. Miringaringa mingine yote ya Baba ina vibao kama hivyo. Baba aliipanda kabla kampuni hiyo haijazaliwa, na huenda kabla mkurugenzi wake hajaota meno.

Nakumbuka siku vilipoletwa. Aloyce ndiye aliyewaleta watu wa kampuni, kavaa fulana yao, kafurahi. Ukawapikia machalari ya ndizi na nyama, wakala wakashiba, ndipo wakakuomba kuweka majina ya wageni kwenye miti. Ni ukumbusho tu, walisema. Ungemkatalia vipi mtu aliyetoka kulamba vidole jikoni kwako? Ulidhani ni kama kile kitabu cha wageni pale parokiani, mtu anaandika jina lake na kwao, anaondoka.

Ukavigeuza vibao kuwa utani. "Fortu, kaanike nguo kwa Margareta." "Mbuzi nimemfunga kwa Wilhelm, muangalie asile kamba." Baba Resti, jirani yetu wa juu, hakupita bila kuchokoza: "Mama Fortu, huyu Wilhelm atakuja kupogoa lini?" Nawe bila kuinua kichwa: "Subiri, amerudi kwao kufuata ngazi."

Utani ulikwisha siku niliyokusomea tangazo lao. Lilisema safari zao haziongezi joto la dunia hata kidogo, kwa sababu ya miti ambayo wageni wao wamepanda Kilema. Ulikuwa unamenya ndizi. Ukaweka kisu chini. "Mti wa baba yako?" Nikasema ndiyo. Ndipo ukasema neno ambalo sijaweza kulisahau: "Basi wamenisemesha uongo nikiwa nyumbani kwangu, na mimi sikujua kama nimesema."

Hukuomba fidia. Ulimtuma Aloyce amwambie bosi wake aje aondoe vibao. Jibu likaja kwamba watakuja msimu wa wageni ukipungua. Msimu ulipungua, ukajaa tena, na hawakuja. Nilipochukua nyundo niving'oe mwenyewe ulinishika mkono. "Aliyepigilia ndiye ang'oe. Ukiving'oa wewe watasema ni ugomvi wa Fortu na kampuni, wao hawana kosa." Ukafariki vibao vikiwa mahali pake. Siku za matanga waombolezaji walitundika makoti juu yake, na mimi nilikaa nikiyatazama yale makoti.

Baada ya mazishi niliandika gazetini habari za vibao. Niliandika kwa ukali, ungeniambia nipunguze chumvi. Ndipo sale likaja, jani ambalo kwetu mkosaji hulileta anapoomba msamaha.

Sikuwepo, aliyenisimulia ni Aloyce. Gari la kampuni lilisimama barabarani, dereva akashuka na jani la sale mkononi, nyuma yake mpiga picha. Dereva ni mtu mstaarabu, alitoa pole ya msiba vizuri, kisha akasema, "Bosi ameniambia niwape hili." Aloyce akauliza, la nini. "Mimi sijui, kaka. Nimeambiwa mtaelewa." Aloyce akalipokea kwa mikono miwili. Angefanyaje? Kwetu hapa hakuna mtu anayeletewa jani hilo akaficha mikono. Hata mwenye hasira ya kuua hulipokea, kwa kuwa analijua linaombea nini. Picha ikapigwa. Sasa iko kwenye matangazo yao, Aloyce kainamisha kichwa, na chini yake wameandika kwamba jamii ya mlimani ni mshirika wao.

Nilimfokea Aloyce mpaka sauti ikakauka. Akaningoja nimalize. "Dada, wewe kazi yako kuandika. Mimi wakiniondoa kwenye waongozaji, utanipandisha wewe mlimani?" Nikamwomba maji ya kunywa.

Lakini Mama, wewe ulinifundisha sale ni nini, na somo lenyewe lilikuwa Baba Resti huyo huyo. Ule mwaka wa ukame aligeuza maji ya mfongo yakaingia shambani kwake siku ambayo ilikuwa zamu yetu. Mfereji ule ni wa ukoo na majirani, kila mtu ana siku yake, na yeye aliiba yetu. Alipokuja na jani la sale alikuja mwenyewe, kwa miguu, na mzee wa ukoo kando yake. Ukamwacha amesimama uani. Ukamuuliza, "Maji ya nani?" Akasema. "Siku ya nani?" Akasema. Watoto tulikuwa tunachungulia, tukamhurumia. Alipomaliza kutamka yote ndipo ukanyoosha mkono ukalipokea, ukampa kiti na kata ya mbege anywe. Na siku iliyofuata ya kusafisha mfongo, wa kwanza kufika na jembe alikuwa yeye. Msamaha wako ulikuwa mzima kiasi kwamba baadaye ukamruhusu kukutania kuhusu Wilhelm.

Mkurugenzi ameruka yote hayo. Hakuja, hakutamka kosa, hakurekebisha kitu. Amechukua jani peke yake. Na nikitazama vizuri naona amefanya kwa sale kile kile alichofanya kwa mti. Amekuta kitu cha watu kinachofanya kazi yake, akakibandika jina la kampuni, akasema deni limekwisha.

Kuna atakayesoma hapa na kuuliza vibao vinamdhuru nani, mti si bado upo? Nimeulizwa hivyo mara nyingi, hata na watu waliosoma. Nawajibu. Mringaringa ule ulikuwa unavuta hewa chafu kabla ya kibao, na baada ya kibao haujavuta zaidi hata pumzi moja. Kilichoongezeka ni misumari. Wakati huo huo magari ya kampuni yanaendelea kuunguruma nje ya hoteli wageni wakimalizia chai, mitambo ya umeme ya dizeli haizimwi, na mgeni ambaye pengine angeuliza swali gumu anaonyeshwa picha ya mti wenye jina lake, anaridhika, analala. Hapo ndipo madhara yalipo. Uongo huu unamaliza hamu ya watu kutafuta ukweli.

Na hawako peke yao. Pale mkutanoni alisimama mwenye hoteli akajisifu kwamba anawaomba wageni watumie taulo moja kwa ajili ya dunia. Akasimama mnunuzi wa kahawa ambaye ameongeza picha ya jani la kijani kwenye gunia na hajaongeza kitu kingine chochote. Sijasikia hata mmoja aliyesema: moshi wetu ni huu, huu tumeupunguza, huu bado umetushinda. Kampuni itakayosema "hapa tumeshindwa" nitaitetea bure, kwa kalamu hii hii wanayoiogopa. Sitaki wafunge biashara. Aloyce anakula huko. Nataka waanze na moshi wao wenyewe kabla ya kuhesabu miti ya marehemu.

Nikueleze na ya nyumbani. Mvua za vuli zilichelewa hadi watu wakazikatia tamaa, kisha zikaja zote kwa pamoja, zikajaza tope mdomo wa mfongo kule juu. Maji yanayotufikia yamechoka kama mimi. Kahawa imetoa maua vipande vipande, sasa inaiva vipande vipande, na Aloyce anachuma kikapu leo, kikapu wiki ijayo, kazi haina mwisho. Ng'ombe wako amezaa, jike, ana doa kwenye paji la uso. Baba Resti anakuja kila jioni kukaa kidogo karibu na ulipolazwa. Haulizi tena habari za Wilhelm.

Lile jani sikulitupa, na Aloyce pia hakuthubutu. Liko juu ya mlango wa nyumba yako, limekauka, linangoja maneno ambayo lilipaswa kuja nayo.

Ila Jumapili, tulipotoka misa, Aloyce alinishika bega. Akasema, "Waandikie waje, dada. Nitawapokea mimi, na nitawauliza mimi. Wakinifukuza, migomba ipo." Mama, nimepigana na watu wengi kwa maneno, na sijawahi kusikia neno zito kama hilo la kitinda mimba wako.

Kwa hiyo lala, Mama. Nakuahidi sitagusa kibao hata kimoja, na sitanyamaza hata kimoja kikibaki. Vikitoka nitakuja kukwambia, nitakaa hapo ulipo na kumenya ndizi.

Na ninyi, mkurugenzi na wenzako mliopiga makofi, barua hii ni ya mama yangu lakini mwisho wake ni wenu. Siku ya kusafisha mfongo mtatukuta wote. Msimtume dereva. Mpiga picha abaki mjini. Simameni chini ya mringaringa, Aloyce atawauliza, "Mti wa nani? Nani aliupanda?" Jibuni kwa sauti itakayomfikia Baba Resti, kisha mkawajibu wageni wenu vivyo hivyo, kwenye tangazo kubwa kama lile la kwanza. Halafu shikeni nyundo, mng'oe misumari yenu.